Mdogo wangu anapigwa, majirani wanasema ni pombe: jibu kwa msomaji wa Tabata

Msomaji mmoja wa Tabata ametuandikia. Mdogo wake wa kike anaishi Mbagala na mwanaume kwa mwaka wa sita sasa, na wana watoto wawili. Hawakufunga ndoa. Mahari ilitolewa nusu, wazazi wakaridhia, maisha yakaanza. Mwanaume ni fundi magari, na akilewa anapiga. Mwezi uliopita alimkaba shingo mpaka akazimia. Mama yao, aliyeko Korogwe, anasema avumilie kwa ajili ya watoto, na majirani wanasema jamaa ni mtu mzuri ila pombe ndiyo inayomharibu. Dada huyu anauliza: mambo haya yameenea kiasi gani, chanzo chake ni nini, na yeye afanye nini?

Dada, kukabwa shingo umekutaja mara moja tu, katikati ya habari za pombe na mahari. Mimi naanzia hapo, kwa sababu hakuna jambo katika barua yako linalotisha kuliko hilo. Mishipa ya shingo ikibanwa sawasawa, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde kama 10, na dakika chache zinatosha kumuua. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha wanawake wanaopigwa na wenzi wao, na ukakuta kuwa aliyewahi kukabwa ana uwezekano wa kuja kuuawa na mwenzi huyo unaozidi wa mwenzake ambaye hakukabwa kwa takriban mara 7. Kwa hiyo tukio la mwezi uliopita usilihesabu kama kipigo kingine kati ya vingi. Hapo amevuka mpaka.

Kabali mara nyingi haiachi alama kwenye ngozi, na ndiyo maana watu huidharau. Dalili zake ni sauti kukwaruza, kumeza kwa shida, shingo kuuma, vidoa vidogo vyekundu kwenye weupe wa macho, kujikojolea wakati wa tukio, na kutokumbuka sehemu ya yaliyotokea. Mshipa wa damu ukiwa umechanika kwa ndani, kiharusi kinaweza kuja siku au hata wiki kadhaa baadaye. Kama mdogo wako bado anaumwa kichwa, anaona ukungu, au mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, apelekwe hospitali leo, hata kama mwezi umepita. Na akifika kwa daktari aseme wazi: nilikabwa shingo nikazimia. Akisema alianguka bafuni, daktari atatazama magoti na viwiko, shingo hataigusa.

Nije kwenye swali la kuenea. Uchunguzi ulioitazama Dar es Salaam kwa karibu ni ule wa Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mwaka 2005. Kwa Tanzania ulifanyika sehemu mbili, Dar es Salaam na Mbeya. Kati ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 ya wale wa Dar walisema mwenzi amewahi kuwapiga au kuwaingilia kwa nguvu. Mbeya ilikuwa asilimia 56. Baadaye, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake nchini wamewahi kupigwa na mtu yeyote tangu wafikishe miaka 15, na asilimia 17 wamefanyiwa ukatili wa kingono. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 27 na 12. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani katika makadirio ya mwaka 2021 lilisema asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mwenzi wamefanyiwa ukatili wa kipigo au wa kingono na mwenzi huyo.

Namba za mwaka 2022 zimeshuka, nami nafurahi. Ila zisomwe kwa uangalifu. Katika tafiti hizi mhojaji hamuulizi mwanamke "je, umefanyiwa ukatili?", maana wengi wangesema hapana huku jicho limevimba. Anauliza tendo kwa tendo: amewahi kukusukuma? Kukuzaba kofi? Kukupiga teke, kukuburuza, kukukaba, kukutishia kwa kisu? Huhojiwa mwanamke mmoja tu kwa kila kaya, faraghani, na mtu mwingine akiingia, maswali hayo husitishwa. Hata hivyo wapo wanaonyamaza, kwa hiyo hizo asilimia zichukuliwe kama kiwango cha chini. Zinazofika polisi ni chache zaidi. Ukipanda daladala kutoka Rangi Tatu mpaka Gerezani na nusu ya abiria wakawa wanawake, wenye siri kama ya mdogo wako humo ndani hawahesabiki kwa kidole kimoja.

(Wanaume nao hupigwa, na wana haki ileile ya kulindwa. Lakini wanaolazwa wakiwa wamevunjwa mbavu na wenzi wao, na wanaozikwa, kwa sehemu kubwa ni wanawake.)

Pombe, na kilicho nyuma ya pombe

Majirani hawajakosea kabisa. Tafiti za hapa nchini na za kwingine zinakubaliana kwamba mwanamke ambaye mumewe hulewa mara kwa mara hupigwa zaidi kuliko ambaye mumewe hanywi. Pombe inaongeza idadi ya vipigo na inaviongezea uzito. Lakini jiulize maswali haya kuhusu shemeji yako. Akilewa, anampiga mwenye baa? Anampiga konda aliyemzidishia nauli? Mteja aliyekataa kumlipa gereji, alimkaba? Kama jibu ni hapana, basi hata akiwa amelewa bado anajua nani wa kupigwa na nani wa kuogopwa. Anasubiri afike nyumbani, mlango ufungwe, na wengine hufungulia redio kwa sauti kabla ya kuanza. Mtu anayekumbuka redio akili zake anazo.

Nyuma ya pombe kuna imani kwamba mke ni wa kuongozwa, na kwamba kumpiga ni sehemu ya kuongoza. Imani hiyo si ya wanaume peke yao. Utafiti huohuo wa mwaka 2015-16 uliwauliza watu kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu kama kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kuaga, kutowatunza watoto au kukataa tendo la ndoa. Asilimia 58 ya wanawake walikubali angalau sababu moja. Wanaume waliokubali ni asilimia 40. Soma tena, dada: wanawake wengi kuliko wanaume. Msichana anafundwa na kungwi au somo yake atunze siri za chumbani, shangazi anamwambia ndoa ni kuvumilia, na siku akirudi kwao na begi anaulizwa kwanza alimkosea nini mwenzie. Kwa hiyo anayepigwa huanza kwa kujikagua yeye mwenyewe, na anayepiga analijua hilo.

Imani hiyo huanza kuonekana mapema, kwa kumbana mtu, kabla hata ya kofi la kwanza: kushika simu yake na kusoma meseji, kumkataza asiende kwa ndugu, kumpigia kila saa aseme yuko wapi, kumnyang'anya mtaji wa genge, kumwachia hela ya matumizi isiyotosha kisha kumdai hesabu. Wengi huyaita mapenzi au wivu. Tafiti zinaonyesha kuwa wanaume wenye tabia hizi ndio pia wanaopiga zaidi. Kama mdogo wako ameacha kuja kwako siku za sikukuu na siku hizi anaongea nawe kwa kunong'ona, basi alishaanza kubanwa siku nyingi.

Fedha nazo zimo, ingawa haziendi kwa mstari ulionyooka kama watu wanavyodhani. Umaskini unaongeza mivutano, na Dar tunaujua mvutano wa kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo na marejesho ya kausha damu kila wiki. Ila si kila maskini anapiga, na nyumba za geti zina siri zake. Mara nyingine kipigo huja pale mwanamke anapoanza kuinuka: anauza chapati, anaingia kikoba, anashika hela yake, na mwanaume ambaye kazi zimempungua anaona cheo chake kinaondoka. Ndiyo maana kumpa mwanamke mkopo peke yake si dawa ya uhakika. Mwanza, utafiti wa MAISHA ulichukua wanawake waliokuwa tayari kwenye vikundi vya mikopo na kuwaongezea mafunzo ya vikao 10 kuhusu mahusiano na haki. Waliopata mafunzo waliripoti kupigwa kidogo kuliko wenzao waliobaki na mikopo tu.

Malezi yana uzito wake pia. Mtoto wa kiume aliyekua akimwona mama yake anapigwa ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kupiga, na wa kike aliyeona hayohayo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kupigwa. Haina maana kwamba wamelaaniwa. Wengi hukataa kabisa kuishi walivyolelewa. Lakini mama anaposema avumilie kwa ajili ya watoto, ajue wanachojifunza watoto hao kila usiku.

Na hapa naweka uzito wangu wote: kipigo kinaendelea kwa sababu hakimgharimu kitu anayekitoa. Fikiria nyumba ya kupanga Mbagala, vyumba sita, ukuta mmoja, choo cha pamoja. Wapangaji wote wanasikia. Asubuhi wanamsalimia "fundi, habari za kazi?" kama kawaida. Mwenye nyumba anamtishia mwanamke kwamba kelele zikizidi watahama wote wawili. Mjumbe anaitwa, anawaweka kwenye mkeka, anawaambia mambo ya ndani hayatoki nje, na mwanaume anaombwa aseme samahani mbele ya watu. Hakuna alilopoteza hapo: si kazi, si heshima, si hata usingizi. Kampala, mpango uitwao SASA! ulifanya kazi na majirani, viongozi wa mitaa, polisi na wahudumu wa afya kwa pamoja, na katika mitaa hiyo kiwango cha wanawake waliopigwa na wenzi wao katika mwaka uliopita kilikuwa chini kwa asilimia 52 kuliko mitaa ambayo mpango haukuwa umefika. Wanaume wa huko hawakubadilishwa damu. Mtaa ndio uliacha kunyamaza.

Wewe kama dada mtu

Ongea naye kwanza, uso kwa uso, si kwa simu. Saluni, kliniki ya mtoto au sokoni kuna faragha zaidi ya kwake. Usianze na "achana naye". Anza na ulichokiona: naona umekonda, nimesikia kuhusu shingo, nakuamini, na si kosa lako. Kisha muulize anachotaka yeye na anachokiogopa zaidi. Kosa linalofanywa na ndugu wengi wenye mapenzi ya kweli ni kutoa sharti: "ukirudi kwake, kwangu usikanyage." Wanawake wengi huondoka na kurudi mara kadhaa kabla ya kuondoka moja kwa moja. Ukifunga mlango mara ya pili, mara ya tatu atakosa pa kukimbilia.

Usimfuate mwanaume, na usiwatume kaka zako wakamfunze adabu. Wao wakishaondoka, anayebaki naye chumbani ni mdogo wako, tena nanyi mnaweza kuwa washtakiwa.

Wakati wa hatari kuliko yote ni pale anapogundua kuwa mwanamke anaondoka au ameshaondoka. Kwa hiyo kuondoka kupangwe kimya. Vitu vya kukaa kwako tangu sasa: kitambulisho chake cha NIDA au angalau namba yake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, kadi ya bima kama ipo, nakala ya mkataba wa pango, daftari la kikoba, risiti za vitu alivyonunua, na nguo chache za watoto. Asihamishe vyote siku moja, maana kabati likipungua ghafla litaonekana. Apeleke kimoja kimoja, nakala kwanza pale inapowezekana. Awe na nauli ya bodaboda iliyofichwa nje ya pochi, na dereva mmoja mnayemwamini ambaye ataitika hata saa nane za usiku. Wekeni neno la siri, kitu cha kawaida kama "ule unga umeisha?", ambalo akilituma wewe unajua upige polisi 112 bila kumuuliza zaidi. Ugomvi ukianza, asikimbilie jikoni kwenye visu na mafuta ya moto, wala chumba kisicho na mlango wa pili. Mtoto mkubwa afundishwe kukimbilia kwa jirani fulani, asijaribu kuamua ugomvi.

Simu inasahaulika mno. Apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kama laini anayotumia ilisajiliwa kwa alama za vidole za mwanaume, basi mwanaume huyo anaweza kuirudisha mikononi mwake pamoja na hela zilizomo. Atafute laini yake mwenyewe, abadili namba ya siri, aangalie kwenye WhatsApp kama kuna kifaa kingine kilichounganishwa, na azime kushirikisha mahali alipo. Ila afanye hivyo akiwa karibu kuondoka. Akibadilisha kila kitu wiki tatu kabla, atakuwa amemtahadharisha.

Akipigwa tena, ushahidi unaanza saa hiyohiyo. Jeraha lipigwe picha mbili: ya mbali inayoonyesha uso na mwili, na ya karibu ikiwa na sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Arudie siku ya pili na ya tatu, maana uvimbe hubadilika rangi na wakati mwingine ndipo alama za vidole zinapojitokeza. Picha na meseji za vitisho azitume kwako uzitunze. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki kupokelewa mahakamani, ila simu yenyewe yenye meseji ni bora kuliko picha ya meseji.

Kituoni aulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Atachukuliwa maelezo, atapewa namba ya RB (ya kumbukumbu ya taarifa yake) na fomu ya PF3 (ya polisi, inayojazwa na daktari), na zote mbili ni bure. Akiombwa hela, TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113. Kama ameumia sana au hapumui vizuri, hospitali ije kwanza na PF3 ifuate. Hospitali nyingine za rufaa zina kituo cha mkono kwa mkono, kama Amana kule Ilala, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana sehemu moja. Kama aliingiliwa kwa nguvu, asioge wala kufua nguo; dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza haraka, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Za kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya siku 5, na zikiwahi ni bora zaidi.

PF3 ndipo kesi nyingi zinapokufa, kwa hiyo uwe naye hapo. Fomu ikiandikwa "maumivu ya mwili" tu, haisaidii. Daktari aombwe kwa heshima aandike jeraha liko wapi, lina urefu gani, lina rangi gani, na kitu gani kinaweza kuwa kimelisababisha; kwa kabali aandike sauti, koo, macho na kuzimia. Mwandikie jina lake pembeni, kwa sababu mshtakiwa ana haki ya kutaka daktari aitwe mahakamani kuhojiwa. Piga picha fomu ikiwa imejazwa kabla haijarudi polisi.

Yanayokwama kituoni yanajulikana. Mtaambiwa "hayo ya nyumbani, yamalizeni." Jibu kwa utulivu kwamba unaomba RB, na kwamba amekabwa shingo mpaka akazimia. Mkikataliwa, muone mkuu wa kituo, kisha OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), na wakati huohuo ofisa ustawi wa jamii wa Manispaa ya Temeke. Mwanaume akikamatwa, msilale: anaweza kutoka kwa dhamana siku hiyohiyo. Usiku huo mdogo wako na watoto wawe wameshahama. Muombeni mpelelezi awape taarifa ya dhamana, na muulizeni kuhusu mahakama kumtaka asaini ahadi ya kutunza amani. Kama kwako ndipo atakapomtafuta kwanza, ulizeni ustawi wa jamii au dawati kuhusu nyumba salama. Ni chache, na anwani zake hazitangazwi.

Mzigo mkubwa kuliko wote unakuja wiki mbili baadaye, wakati mshenga na wazee wa upande wa mwanaume wanapokuja na maneno mazuri ili kesi ifutwe. Kwa shambulio dogo, sheria inaipa mahakama nafasi ya kuhimiza suluhu. Kwa mtu aliyekabwa mpaka kuzimia, maoni yangu ni kwamba suluhu ya mkekani ni kumrudisha kwenye hatari, na uwaambie wazee hivyo mbele yake, ili asiwe yeye wa kukataa peke yake.

Sheria inasemaje kwa ambao hawakufunga ndoa

Tanzania Bara haina sheria moja mahsusi ya ukatili wa majumbani, na hilo ni pengo linalopigiwa kelele kwa miaka mingi. Lakini si kwamba hakuna kitu. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au kipigo. Kanuni ya Adhabu haiulizi cheti cha ndoa: kushambulia na kusababisha madhara ya mwili, kifungu cha 241, ni kifungo kinachoweza kufika miaka 5, na kudhuru vibaya, kifungu cha 225, miaka 7.

Miaka sita ya kuishi pamoja si kitu cha kupuuza. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanaume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, na jamii ikawatambua kama mke na mume, huchukuliwa kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata mwanaume akifaulu kupinga, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, pamoja na malezi. Mahari iliyotolewa nusu, wapangaji, mjumbe, kadi za kliniki zenye jina la baba, hayo yote ni ushahidi. Kuhusu mali, Mahakama ya Rufani katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa hiyo mwanaume akidai kiwanja na vifaa vya gereji ni vyake kwa sababu mwanamke alikuwa "amekaa tu", hoja hiyo ilikwisha zamani.

Akitaka kudai kuwa ni mke na kuomba talaka, kawaida lazima kwanza apite Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata au la dini, na hati ya baraza isiwe imezidi miezi 6 siku ya kufungua shauri. Wengi hupoteza muda hapo, hati inaisha nguvu, wanaanza upya. Sheria inaruhusu kuliruka baraza pale mahakama inaporidhika kuwa kuna mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya lisiwezekane, na mwanasheria aliombe hilo kwa sababu ya kabali, maana kumweka meza moja na mtu huyo si salama. Kwa Dar es Salaam, mashauri ya ndoa na mirathi yana Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki pale Temeke, si mbali na Mbagala. Msaada wa bure wa kisheria unapatikana Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA), Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake (WLAC) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Nenda naye kabla ya kuandika chochote. Kama watoto nao wanapigwa, namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116.

Amebaki mama. Usimpigie simu kubishana naye. Panda basi uende Korogwe, au muombe shangazi anayemsikiliza aende nawe. Mwambie neno kwa neno kwamba mwanae alikabwa mpaka akazimia, maana inawezekana ameambiwa tu "waligombana". Anachokiogopa pengine ni mahari, na maneno ya watu. Hakuna kifungu cha Sheria ya Ndoa kinachomnyima mwanamke talaka mpaka mahari irudi. Kuhusu maneno ya watu, mpe kazi badala ya hoja: awapokee wajukuu likizo ijayo, na upande wa mwanaume ukija kuulizia, ajibu kwamba binti yake yuko salama na mengine waongee na wewe.